Karatu: Mvua ya redioni, mvua ya shambani

Ubishi ulianza kabla hata Noah yetu haijatoka stendi ya Arusha. Dereva kafungulia redio, mtangazaji anasoma utabiri wa mvua za masika. Jamaa wa siti ya nyuma akaangua kicheko: "Hao hao! Si ndio waliosema barafu ya Kilimanjaro itaisha 2020? Mbona juzi nimetoka Moshi nimeiona kwa macho yangu?" Gari zima likalipuka. Mama mmoja mwenye kapu la vitunguu akasema yeye anamwamini dudumizi kuliko redio, maana ndege huyo hana mshahara wa kumfanya aseme uongo.

Na mimi nilicheka, sikatai. Mtoto wa mjini utabiri wa hali ya hewa nautambua kama muda wa kwenda kujiongeza chai kabla habari za michezo hazijaanza. Ilikuwa mwisho wa Februari, nakwenda Karatu siku nne kwa wazazi wa mshikaji wangu niliyesoma naye. Shida yangu ilikuwa hewa safi na picha za kuringishia watu. Mambo ya mvua sikuyapangia.

Msomaji, kama hujawahi kupita njia hii, jipange. Ukiiacha Makuyuni unakuta Mto wa Mbu, ndizi nyekundu zimening'inia barabarani kama mapambo ya harusi. Halafu gari linaanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa, masikio yanaziba, na chini yako Ziwa Manyara limetandazwa kama shuka. Ukifika juu Rhotia, udongo ni mwekundu, upepo ni wa baridi, na mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi yanapanda na kushuka vilima. Kwa Wairaqw umefika, na koti ulilolidharau Dar unaanza kulililia.

Turudi kwenye barafu, maana yule jamaa alikuwa na hoja. Mwaka 2002 kundi la wanasayansi chini ya Mmarekani Lonnie Thompson lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2006 Al Gore akaipeleka habari hiyo kwenye sinema, dunia ikatetemeka. Mwaka 2020 ukaja, ukapita, barafu ipo. Kwa mtu wa kijiweni kesi imekwisha, tena kwa ushahidi wa macho.

Lakini kulikuwa na neno moja lililodondoka njiani: "kama". Wale mabwana walisema kama hali ya wakati ule ingeendelea vile vile. Magazeti hayana nafasi ya "kama", yana nafasi ya tarehe. Na yapo ambayo watu wa vijiweni hawayasemi. Mwaka 1912 barafu ilifunika kiasi cha kilomita za mraba 12. Kufikia 2000 zilibaki mbili na nusu hivi, na 2011 ilikuwa chini ya mbili. Ni sawa na daktari aliyekwambia mgonjwa atakufa Ijumaa. Jumatatu mgonjwa bado anapumua, ila anapumua kwa taabu. Daktari kakosea siku. Ugonjwa hajaukosea.

Jioni hiyo nikamsimulia mwenyeji wangu, mzee wa miaka sabini na ushee, nikitegemea atacheka. Hakucheka. "Mwanangu," akasema, "nyie mnabishana kuhusu barafu kwa sababu hamtaipanda shambani."

Mzee ana ekari nne. Msimu mmoja alisikia redioni kwamba mvua zitakuwa haba. Akatii, akaacha mahindi akapanda mtama. Mvua ikamwagika mpaka njia zikakatika! Jirani yake, asiyesikiliza redio wala kiongozi yeyote, akavuna mahindi na kumcheka mwaka mzima. Msimu mwingine wakatangaza tena mvua haba. Mzee akasema safari hii sidanganyiki, akakopa kwenye kikundi, akanunua mbegu ya mahindi, akamwaga ekari zote nne. Mahindi yalifika magotini yakakaukia hapo. Deni likabaki, na mjukuu wake wa kike akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada.

"Sasa niambie wewe uliyesoma," akaniuliza, "nimwamini nani?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kesho yake tukaingia Ngorongoro, na nadhani Mungu alinionea huruma, maana jibu nililipata barabarani. Geti la Lodoare tulilipita kwenye ukungu mzito, waipa zinafanya kazi, miti inadondosha maji kama nguo zilizoanikwa. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ukichungulia chini, mita kama 600, kuna uwanja wa kilomita za mraba kama 260 wenye ziwa lake, msitu wake na wanyama wake, kama vile nchi ndogo isiyo na foleni. Tukauzunguka ukingo tukashuka upande wa pili kuelekea Oldupai. Haikupita muda, vumbi! Nyasi za manjano, jua kali, koti likarudi kwenye begi.

Dereva wetu akaeleza kwa kifupi. Upepo wenye unyevu unatoka mashariki, baharini huko. Ukifika kwenye mlima unapanda, unapoa, unamwaga mvua upande wa Karatu. Ukivuka ng'ambo hauna kitu mfukoni. Mlima ni ule ule na siku ni ile ile, lakini mvua ni mbili tofauti.

Sasa kumbuka Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inapotoa utabiri wa msimu, Arusha, Manyara na Kilimanjaro inaziweka kanda moja. Inasema juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani, na huo wastani ni wa miaka 30. Utabiri wa aina hiyo haumjui mzee kwa jina, wala haujui shamba lake liko upande gani wa kilima. Unachosema ni kwamba upande fulani una nafasi kubwa zaidi. Sisi vijana tunaobeti tunalijua hili vizuri. Simba ikicheza na timu ya daraja la chini unaweka hela kwa Simba. Ikifungwa unaumia, lakini hutangazi kwamba mpira wa miguu ni uongo. Ila mkeka ukichanika unapoteza buku. Mzee anapoteza mwaka.

Na zipo siku mkeka unatiki kwa namna inayotisha. Mwaka 2015 tuliambiwa El Nino kubwa inakuja, na walioyakumbuka mafuriko ya 1997 na 1998 wakashika vichwa. Mvua ikanyesha, lakini si kama ile, Afrika Mashariki ikacheka. Kumbe Bahari ya Hindi nayo ina kauli yake: mwaka 2019 ilipata joto upande wetu, tukafurika bila El Nino yoyote. Ikaja 2023. Agosti TMA wakatangaza vuli ya juu ya wastani na El Nino, mitandaoni wakatungiwa vichekesho. Tarehe 3 Desemba 2023, kusini ya Karatu, mlima Hanang ukamega tope na mawe juu ya Katesh. Watu zaidi ya 80 wakafariki. Vichekesho vikakoma.

Nisiwalaumu wananchi peke yao. Pale ukingoni nilizungumza na kijana wa Kimasai aliyekuwa anasubiri lifti. Akaniambia babu yake alihesabu msimu kwa nyota za Kilimia, wao wanaita Nkokua, na akichinja mbuzi anasoma matumbo. "Lakini babu akikosea," akasema, "anakosea akiwa hapa hapa, na ng'ombe wake wanakufa pamoja na wetu. Hawa wa takwimu wanakuja na gari. Takwimu ya mwisho ilisema watu tumezidi, tuhamie Msomera." Anazungumzia uhamishaji wa kwenda Handeni ulioanza 2022, ambao serikali imesema ni wa hiari na wenyeji wengi wameupinga. Sikubishana naye. Mtu akishakuja kwako mara moja na hesabu za kukuondoa, hata akija kesho na hesabu za mvua utamtazama mikono.

Tena tusisahau, hii ni wilaya ile ile ambayo mwaka 2011 maelfu ya watu, wasomi kwa mawaziri, walilala barabarani siku kadhaa kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Hakuna aliyeomba kuona kipimo. Babu aliwatazama machoni akawaambia ameota. Mtu wa hali ya hewa anasema ana "uwezekano". Nani atauza?

Lakini kreta yenyewe haisikilizi maneno matamu. Mwaka 1962, baada ya mvua kupita kiasi, inzi wanaouma walifumuka wakawatafuna simba wa humo mpaka wakabaki kama 10. Mwaka 2000 ukame ukaua nyati kwa mamia. Ikizidi inaua, ikipungua inaua, na simba hana redio. Sisi tunayo, tunaizima.

Usiku wa mwisho nikamweleza mzee yote, la kanda, la mkeka, la upepo. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniita nje tukatazama shamba gizani. "Kwa hiyo si ahadi," akasema. "Ni kama ushauri wa shemeji. Unausikiliza, lakini humkabidhi nyumba."

Asubuhi akagawa: ekari mbili mahindi ya muda mfupi yaliyochanganywa na mbaazi, moja mtama, moja ataisubiri redio itoe utabiri wa siku kumi ndipo aamue. Na safari hii hakukopa. Mama watoto wake akapiga kigelegele kidogo, nadhani cha hilo la kutokukopa.

Kwenye Noah ya kurudi redio ikaanza tena habari ya mvua. Kijana mmoja akamwambia dereva abadilishe stesheni, aweke muziki. Nikamwomba asubiri kidogo, amalize kwanza. Wakanitazama kama nimetoka sayari nyingine.

Ukienda Karatu, beba koti. Hata redio ikisema jua.