Sungura wa mtoto naye ni amana



Leo si magauni wala hina. Naandika kwa mabibi harusi wetu wanaowafuata waume zao Ulaya, maana huko wengine watakuta sungura ndani ya nyumba kama sisi tunavyokuta paka.

Mdogo wangu ameolewa Uingereza. Mwezi uliopita mwanawe alimkuta sungura wake amekufa bandani. Jeraha hana, na jana yake alikula vizuri. Mtoto alilia akidhani ni yeye kamuua. Daktari wa mifugo akawaeleza kuwa ni ugonjwa wa virusi unaoharibu ini na kumtoa sungura damu kwa ndani. Dawa hauna, chanjo ipo.

Nikaanza kusoma. Mimi mshonaji nilishtuka kujua kuwa ugonjwa huu ulionekana kwanza China mwaka 1984, kwa sungura wa Angora waliotoka Ujerumani, wale wanaofugwa kwa manyoya laini ya kufumia masweta. Na virusi vyake huweza kukaa kwenye kitambaa kikavu zaidi ya miezi 3! Vinaingia nyumbani na nguo, viatu, hata majani tunayomchumia. Mwaka 2010 ilizuka Ufaransa aina mpya, inayoua hata vitoto vichanga na baadhi ya sungura wa porini wasiochimba mashimo.

Upo na mwengine, miksomatosisi, unaovimbisha macho na kuenezwa na viroboto na mbu. Mwaka 1952 daktari mmoja Mfaransa, Armand-Delille, aliwaambukiza sungura wawili makusudi ili awapunguze waliomharibia shamba lake. Ukuta wa shamba haukuzuia kitu. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeshafika Uingereza.

Binadamu hatuambukizwi magonjwa haya, alhamdulillah. Lakini mnyama uliyemfungia huna wa kumsingizia. Sote tunajua habari ya yule mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie.

Basi bibi harusi, ukimkuta sungura kwa mumeo, uliza kwanza: kachanjwa magonjwa yote mawili? Chanjo hurudiwa kila mwaka. Nawa mikono, badilisha viatu ukitoka kwenye sungura wengine, usichume majani wanakopita wa porini. Na mtoto akifiwa na sungura wake, usimwambie "ni mnyama tu." Mkumbatie, mwambie si kosa lake.

Nani kati yenu anafuga sungura? Tuambiane hapo chini. Wabillahi tawfiq.