Moshi wa Muthara na Makaa ya Mawe

Msafiri atokaye mji wa Meru akielekea kaskazini-mashariki hufika Muthara, katika Tigania ya Mashariki, chini ya milima ya Nyambene. Upande wa juu ni mashamba ya miraa, mahindi na maharagwe. Upande wa chini nchi hushuka hata nyanda kavu za Isiolo, penye migunga. Watu wengi wa nchi hii hupikia kuni na makaa, na hakuna asiyeujua moshi mweupe wa tanuri la udongo.

Moshi huo ni mali ipoteayo. Kuni zipashwapo moto pasipo hewa ya kutosha hutoa kwanza maji, kisha lami, mafuta na gesi. Yasaliayo ndiyo makaa. Katika tanuri la kienyeji kuni za kilo 100 hutoa kwa kawaida kilo 10 hadi 15 tu za makaa. Zikikaushwa vema, na tanuri likijengwa kwa uangalifu, zaweza kutoa kilo 25 au zaidi.

Labda msomaji atauliza: si afadhali tuchimbe makaa ya mawe, miti ipate kupona? Nyambene ni milima ya volkano, wala si mahali pa kuyatafuta. Lakini kusini, ng'ambo ya mto Tana, katika bonde la Mui huko Kitui, Serikali ilitoboa ardhi na kukisia zaidi ya tani milioni 400 katika sehemu moja. Hata hivyo, kuyapata makaa ya mawe si kupata moto safi. Yale ya daraja la chini huwa na maji mengi, nayo hutoa joto haba.

Dawa yake ni ile ile ya tanuri la udongo, ila kwa mitambo. Karibu na mji wa Gillette, katika jimbo la Wyoming, Marekani, kiwanda kimoja kilifanya kazi hiyo tangu 1992 hata 1997. Makaa ya mawe, ambayo karibu sehemu tatu katika kumi zilikuwa maji, yalikaushwa, kisha yakapashwa moto pasipo hewa. Kila tani moja ilitoa kama nusu tani ya makaa makavu yenye nguvu zaidi, na nusu pipa ya mafuta. Huko moshi haukuachwa uende zake: ulipozwa ukageuka mafuta.

Taabu yao kubwa ingefahamika kwa mchoma makaa ye yote. Makaa yale mapya, yakipata hewa, yaliweza kushika moto yenyewe, ikawa lazima kwanza yatulizwe. Vivyo hivyo mwenye haraka afunguaye tanuri kabla halijapoa hukuta majivu mahali pa makaa.

Basi mtu wa Muthara asikae akingoja makaa ya Mui. Hata yakisafishwa namna gani, yakichomwa bado hutia hewani ile gesi iongezayo joto la dunia. Tena mashine zake ni za gharama kubwa. Faida iliyo karibu ni hii: kausha kuni zako, ziba nyufa za tanuri, ngoja lipoe, na panda miti kuliko uliyokata. Akatoa kilo 25 pale alipotoa 12, mchomaji ameuokoa mti mmoja katika kila miwili.