Kikohozi Mlangoni pa Mgonjwa

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, mtu akiugua, jirani hujaa nyumbani mwake. Sisi makatekista twafika kati ya wa kwanza. Desturi hiyo ni njema. Lakini yuko mgonjwa ambaye kikohozi chetu chaweza kumwua: ni yule wa kansa, aliyerudi kutoka hospitali alikopewa dawa kali.

Dawa hizo huua chembe za kansa, lakini hudhuru pia uboho, ulio ndani ya mifupa, uzaao chembe nyeupe za damu. Hizo ndizo askari wa mwili. Mara nyingi hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Basi mafua, ambayo sisi twayafuta kwa leso, kwake yaweza kushuka mapafuni.

Surua ni hatari zaidi. Tangu mwanzo wa 2019 hata Januari 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo yetu. Vijidudu vyake hukaa hewani hata saa mbili, na mtoto huambukiza wengine siku nne kabla ya vipele kutokea. Kwa mgonjwa wa kansa yaweza kushika mapafu pasipo kipele hata kimoja. Tena mtoto anayetumia dawa za kansa hachanjwi surua, maana chanjo hiyo ina kijidudu hai kilichodhoofishwa. Ngao yake ni watoto wa jirani: 95 katika 100 wakichanjwa mara mbili, surua haipati njia.

Tulimwomba mama mmoja mwenye mafua asiingie kwa mgonjwa. Akasema, «Mwalimu, nisipoonekana, si watasema mimi ndiye niliyemroga?» Neno hilo ni zito, nasi twalijua. Kwa hiyo yafaa tutangaze mbele ya watu wote: mwenye kukohoa akibaki nje, anampenda mgonjwa. Na aache kuni na maji mlangoni, amsalimu kwa sauti kutoka uani. Walio wazima waingie wachache, wanawe mikono kwa sabuni, madirisha yafunguliwe.

Nanyi mnaomwuguza, joto lake likifika digrii 38, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali saa ile ile, mkamwambie mganga kwamba anatumia dawa za kansa.