Lenzi Isiyovuta

Kwa muda mrefu niliamini kwamba lenzi bora ni ile ya kuvuta, iwezayo kumleta karibu mtu aliye mbali ilhali mpiga picha mwenyewe hakuinua hata unyayo. Imani hiyo ilivunjwa na bibi mmoja wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, msukaji wa mikeka.

Nilikuwa nikikusanya picha za kazi za mikono ili niwaonyeshe wanafunzi wangu. Nilisimama chini ya mwembe, ng'ambo ya njia, nikauvuta uso wake mpaka mikunjo ikahesabika. Kisha nikaenda kumwamkia na kumwonyesha picha ile katika kioo cha kamera. Aliitazama kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, umeingia usoni mwangu. Mbona hukubisha hodi?" Sikuwa na jibu. Niliifuta picha mbele yake, naye akaniambia nirudi siku nyingine.

Ndipo nilipoanza kutafuta lenzi isiyovuta, yaani yenye umbali mmoja tu, ambayo humlazimisha mpiga picha atembee kwa miguu yake mpaka alipo mwenziwe. Aghalabu watu husifu ile ya milimita 50. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyefariki mwaka 2004, aliipenda kuliko zote. Lakini yeye alitumia filamu ambayo kila picha yake ina upana wa milimita 36, na kamera nyingi za dijitali za bei ya kadiri zina bamba la kupokea mwanga lenye upana wa milimita 24 hivi. Bamba hilo hupokea sehemu ya katikati tu ya taswira, hata lenzi ya 50 ikaona kama ambavyo ya 75 ingeona katika filamu. Katika chumba kidogo ni sawa na kutazama kupitia tundu la ufunguo. Kwa kamera ya namna hiyo, ni lenzi ya 35 inayokaribia kuona kama ile ya Mfaransa. Niliichagua hiyo.

Jambo la pili lilikuwa mwanga. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba, na kadiri namba inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, mara nyingi haipanuki kupita 5.6. Lenzi nyingi zisizovuta, tena za bei nafuu, hufika 1.8, na hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Wanafunzi wa fizikia na wafanye hesabu wenyewe. Mimi nilitaka tu kuepuka taa ya kamera, kwa kuwa hulitandaza ukili likawa kama karatasi, usione jani lipi limepita juu ya lipi.

Nilirudi Makunduchi baada ya majuma kadhaa. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikakaa mkekani. Chumba kilikuwa na dirisha moja. Nilipiga picha za vidole vyake kutoka umbali usiotimia mita moja, huku akinieleza namna ya kuutia ukili rangi. Nilipousogelea uso, pua ilitoka kubwa kuliko haki yake. Kwa uso peke yake ile ya 50 ingalifaa zaidi, nakiri. Lakini safari hii alikuwa akinitazama, na alikuwa akicheka.

Nilimpelekea picha iliyochapwa. Aliishika kwa mkono ulionyooka, mbali na macho, kama wazee wafanyavyo, akauliza kwa nini ncha za mkeka hazikuonekana. Nilimweleza kwamba lenzi yangu haikuweza kuzichukua zote.

"Si ungerudi nyuma kidogo?"

"Bibi, nyuma yangu kulikuwa na ukuta."

"Basi kesho tutautandika uani," akasema.