Bandama Haligusiki kwa Bando

Leo niongelee kitu ambacho wanaopanga ratiba wakiwa mjini hawakioni: kusomea udaktari nusu kwa simu, nusu wodini, na kwenu ni Buyangu.

Hii mambo ilianza Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona. Vyuo vilifunguliwa, lakini masomo ya mtandaoni yakabaki. Na ukweli usemwe, sina chuki nayo. Biokemia naisoma nikiwa nyumbani, nauli inabaki mfukoni, na video iliyorekodiwa naisimamisha pale sijaelewa, narudia hata mara nne. Nani atamwambia mhadhiri arudie mara nne?

Shida ni lile darasa la moja kwa moja, la "ingieni saa nane, nitaita majina." Hapa kando ya Msitu wa Kakamega, mvua hupenda alasiri. Ikigonga mabati humsikii hata aliyeketi karibu nawe, sembuse mhadhiri. Mara stima imepotea, bando limeisha, na umeandikwa hukuwepo. Mnakumbuka baluni za Loon? Julai 2020 zilianza kutuma intaneti kutoka angani hadi sehemu za magharibi mwa Kenya. Machi 2021 huduma ikazimwa. Baluni zilienda, mabati yetu yako palepale.

Lakini kuna kitu hata intaneti kali haiwezi. Huku kwetu malaria haiishi, na mtoto aliyeugua mara nyingi anaweza kuwa na bandama lililovimba. Kulitafuta, unaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, unangoja avute pumzi, nalo linashuka kukutana na vidole vyako. Kwenye skrini nimeliona hilo somo mpaka nimelikariri. Ila skrini haisemi ubonyeze kwa nguvu kiasi gani, mtoto akilia ufanyeje, na mama anayekukazia macho umwambie nini. Hayo yanapatikana wodini pekee.

Kwa hivyo ombi ni dogo. Mihadhara irekodiwe, faili ziwe nyepesi, tupakue netiweki ikitulia. Saa zitakazookolewa tupewe wodini, kwa vikundi vidogo, na mtu wa kutuongoza mkono.

Kwa sababu huyo mtoto kesho anaweza kuwa wako, na daktari aliye zamu ni mimi. Ungetaka niwe nimejifunzia wapi?