Nasaha ya Mjomba Juu ya Gita

Tanga

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umenifika, nami nimefurahi kusoma kwamba gita langu la zamani limewasili Mombasa salama. Ila nilishtuka pale uliponena kuwa umeazimia kuliosha lote kwa maji na sabuni, lipate kung'aa kabla ya Idi. Tafadhali, mwanangu, weka ndoo chini kwanza unisikilize.

Mimi nami, nilipokuwa na umri wako, nililipaka gita hilohilo mafuta ya nazi usiku wa kuamkia harusi, kwa dhana kwamba kinachofaa nywele na ngozi hakiwezi kudhuru mti. Asubuhi liling'aa kweli. Jioni nyuzi zikalia kana kwamba zimezibwa kwa pamba, na hazikupita wiki mbili ila vumbi lote la njia lilikuwa limegandamana shingoni pamoja na mafuta yaliyochacha, hata ikanibidi kumwendea fundi, aliyelikwangua siku mbili huku akinitazama pasi na kusema neno.

Tangu siku hiyo nalijua kuwa adui mkubwa wa gita katika pwani yetu ni chumvi, nayo hulijia kwa njia mbili, upepo wa bahari na jasho la vidole vya mpigaji mwenyewe. Kwa hiyo kila umalizapo kupiga, nawa mikono ikauke, kisha twaa kitambaa cha pamba kikavu, kilicholainika kwa kufuliwa mara nyingi, ubane kila uzi baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, ukivute kitambaa toka juu mpaka chini; halafu ukipenyeze chini ya nyuzi, maana uchafu mwingi hukaa huko, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Penye alama ya vidole juu ya vanishi, papulizie pumzi ya kinywa mpaka pafanye ukungu, upanguse papo hapo. Maji mengine hayahitajiwi.

Nyuzi zikishika kutu, usizifungue zote kwa pamoja bila haja, kwani nyuzi sita za chuma zilizokazwa sawasawa huivuta shingo kwa nguvu ipitayo kilo 60, na shingo iliyozoea mvuto huo haipendi kuachiwa ghafla. Badilisha mmoja mmoja. Mara moja au mbili kwa mwaka waweza kuziondoa zote ili usafishe shingo baina ya vile vyuma vyake, na ikiwa ubao wake hauna vanishi, utie tone moja au mawili ya mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha uyafute yote yaliyobaki juu.

Mti, hata ukishakuwa gita, hauachi kunywa na kutoa maji. Hupendelea hewa yenye unyevu baina ya asilimia 45 na 55, na ya kwetu wakati wa masika huzidi hapo sana. Basi lilaze katika sanduku lake, mbali na dirisha lielekealo bahari, na katu usiliache ndani ya motokaa juani wala chini ya bati, kwa kuwa joto hulegeza gundi, na kidaraja kinachoshika nyuzi kikaanza kubanduka pole pole bila wewe kutambua.

Zama zetu, tulipoisikia santuri ya "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, iliyorekodiwa mwaka 1952, wengi tulidhani siri imo katika gita la thamani. Kumbe mtu yule akipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu! Ila hata mkono hodari huhitaji uzi safi: uzi uliolika au wenye uchafu haulingani unene, wala haukai katika sauti yake, hata apige nani.

La mwisho, mwanangu: chini ya tundu la tumbo utaona mahali vanishi imelika, ukubwa wa ncha ya kidole. Usipasugue. Huo si uchafu. Ni kidole changu kilichokuwa kikipumzika hapo kwa miaka mingi.

Nisalimie mama yako.

Wasalaam,
Mjomba wako