Wanaotusikiliza Hawahesabiwi

Katika bendi ya kaka yangu mimi sipigi chombo chochote, na sauti yangu haifai hata kuitikia. Kazi yangu ni hesabu, kwa sababu ni mimi pekee kati yao ninayesoma Bujumbura, ambako intaneti hupatikana bila kupanda kilima kuitafuta. Bendi ina watu watano, wote wa komini ya Muhuta, kwenye barabara inayofuata ziwa kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Wawili ni wavuvi wa ndagala, mmoja ana taksi-moto, mmoja anauza mawese, na kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wanaimba Kirundi na Kiswahili, mara nyingi ndani ya wimbo mmoja, kama tunavyozungumza huku kwetu.

Mwaka 2023 walirekodi nyimbo nne katika studio ndogo mjini, nami nikakabidhiwa kuzipeleka mtandaoni. Tangu hapo sipiti Gitaza bila mtu kuniuliza: "Sasa huko kwenye mtandao mmeshapata ngapi?" Huuliza kwa macho ya kuamini kwamba tunaficha utajiri. Wamesikia habari za Diamond Platnumz, ambaye mwaka 2020 video zake zilifikisha jumla ya mara bilioni moja za kutazamwa kwenye YouTube, nao wanadhani mlango ni uleule, tofauti ni urefu wa foleni tu.

Jibu langu ni hili. Katika miezi 14 ya kwanza nyimbo zetu zote nne zilisikilizwa mara 2,300 hivi, na taarifa ya mapato ikaonyesha dola 4 na senti 60. Kwa bei ya benki hizo zilikuwa karibu faranga 13,000. Fedha hizo hatujazishika, kwa sababu kiwango cha chini cha kutoa ni kikubwa kuliko hicho. Zimekaa huko, tunazitazama kwenye skrini.

Wanafunzi wenzangu huniuliza kama tumeibiwa. Sidhani. Nimekaa na taarifa zile usiku mwingi kuliko nilivyokaa na sarufi, na ninaona kwamba hesabu yao ni sahihi. Kinachotuumiza ni namna hesabu yenyewe ilivyopangwa.

Msanii mdogo haendi mwenyewe kwenye jukwaa kubwa kama Spotify. Hupitia kampuni ya usambazaji, na kampuni nyingi za namna hiyo ziko nje na hutoza ada ya mwaka kwa dola. Ya kwetu inazidi dola 20, nayo hulipwa kwa kadi ya benki. Hakuna mwanabendi mwenye kadi hiyo. Mama yetu mdogo aliyeko Norway ndiye aliyelipa, nasi tukamrudishia bibi faranga zake hapa nyumbani. Ada isipolipwa, nyimbo hushushwa.

Baada ya hapo kuna suala la kapu. Watu wengi hudhani kwamba kila wimbo unaposikilizwa kuna senti maalumu inayomwendea mwimbaji. Haiko hivyo. Fedha za wateja na za matangazo huingia katika kapu moja, jukwaa hutoa sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa kufuata idadi ya usikilizaji wote. Mama mdogo hulipia usajili wake kila mwezi na anaapa kwamba hasikilizi mwingine isipokuwa sisi. Mimi namwamini, lakini fedha zake hazitufuati. Zinaingia kapuni na kugawanywa pamoja na za mamilioni ya watu ambao hawajui Muhuta iko wapi, na wanaosikilizwa zaidi ndio wanaobeba karibu zote. SoundCloud ilijaribu njia nyingine mwaka 2021, ambapo fedha za msikilizaji huenda kwa wale aliowasikiliza yeye mwenyewe. Ningependa majukwaa makubwa yaifuate, ingawa sioni wakubwa wa muziki watafaidika nini kuikubali.

Mwaka 2024 Spotify ilianza pia kutumia sharti lililotangazwa mwaka uliotangulia: wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 haupati mrabaha wa rekodi. Hoja yao ni kwamba senti za nyimbo hizo ni ndogo mno na mara nyingi hazimfikii mtu yeyote. Ni kweli, senti zetu hazikutufikia. Ila mtu akisema kwamba fedha yako ni ndogo mno kukufikia, kisha akaigawa kwa wengine, sijui neno gani la Kiswahili linafaa. Kamusi inatupa "utiririshaji". Sisi watu wa ziwani tunajua maji hutiririka kuelekea wapi.

Lakini hayo yote ni ya mbali. Jambo lililonishangaza zaidi nililiona hapo hapo Gitaza.

Wimbo wetu wa pili, ule wa harusi, unajulikana kote kwenye barabara ya ziwa. Nimeusikia kwenye taksi-moto, kwenye baa, kwenye gari la abiria ambalo dereva wake hakujua kwamba mimi nina uhusiano wowote nao. Wanawake wanaoanika ndagala wanauimba kwa maneno yao wenyewe, mengine ya aibu kidogo. Nikifungua taarifa ya mtandaoni, wimbo huohuo umesikilizwa mara 612 tu, nyingi zikitoka Ulaya. Je, watu wa Muhuta wanausikiliza wapi? Kwenye kadi ya memori. Kuna vijana wenye vibanda, kila mmoja na kompyuta moja kuukuu na betri ya sola. Unampa kadi yako na faranga 1,000, anakujazia nyimbo mpaka iote kutu. Simu nyingi za kwetu ni za vitufe, na mwenye simu ya kisasa hanunui mega za intaneti ili asikilize wimbo anaoweza kurushiwa bure na jirani. Usikilizaji huo wote haupo katika kitabu cha yeyote. Wanaotupenda kuliko wote ndio ambao kwa hesabu ya jukwaa hawajazaliwa.

Mhadhiri mmoja aliposoma rasimu yangu alisema: hilo ni la wizi wa kazi za sanaa, na Burundi ina sheria ya hakimiliki tangu 2005 na ofisi yake, OBDA. Namheshimu, lakini vibanda vile vikifungwa leo, kesho wimbo wetu hautasikika Muhuta kabisa, na harusi hazitakuja. Kwa maana harusi ndizo zinazotulisha. Moja hulipa hadi faranga 300,000 kabla ya kutoa mafuta ya jenereta, na siku hizi mafuta yenyewe hutafutwa kama dhahabu.

Kwa kweli hali hii si ngeni katika muziki wa Kiswahili. Bendi za dansi za Tanzania, ambazo baba anasema walizisikiliza kwa redio ng'ambo hii ya ziwa, zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki redioni. Kurekodi hakukumtajirisha mwanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Waliishi kwa mshahara na kiingilio cha dansi, na redio ikawatangazia. Tofauti ni kwamba wao hawakulipa ada ya mwaka ili redio iendelee kuwapiga, wala hakuna aliyewaambia kwamba redio ndiyo itakayowalipa. Sisi tuliahidiwa. Warundi waliotamba kwa sauti zao, kama Khadja Nin na Kidum, walijenga jina wakiwa Ubelgiji na Nairobi. Mtandao ulikuja na ahadi kwamba sasa unaweza kubaki Muhuta.

Ahadi hiyo ilituuma zaidi mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba na baa za ufukweni kutoka Bujumbura hadi Rumonge. Baa tuliyokuwa tukipiga kila Jumapili ilifunikwa hadi dirishani. Kaka alinipigia simu akasema: "Mdogo wangu, sasa tutategemea ule mtandao wako." Nilimsomea tarakimu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kijana wa kibanda hupata kadi ngapi kwa siku.

Swali hilo lilinifungua macho kuliko vitabu nilivyoazima maktabani. Likizo iliyofuata tuliwaendea wenye vibanda watatu. Tuliwaahidi nyimbo safi kutoka studio, tena kabla ya mtu mwingine yeyote, wao watupe faranga 100 kwa kila kadi wanayoijaza nyimbo zetu. Wawili walicheka. Mmoja wao alituuliza kwa nini anunue kitu ambacho tayari anacho. Wa tatu alikubali, labda kwa sababu kaka ndiye aliyemchomelea mlango wa kibanda. Anaandika kwenye daftari la shule. Mwezi wa kwanza alituletea faranga 9,000, wa pili 7,500. Sina njia ya kujua kama anaandika kila kadi, na sidhani kama anaandika. Hata hivyo, katika miezi miwili kibanda kimoja kilipita miezi 14 ya dunia nzima.

Bado ada ya usambazaji inatungoja kila Juni. Mwaka huu tuliijadili jioni nzima chini ya mwembe. Mwenye taksi-moto alisema tuziache nyimbo zishushwe, tununue nyuzi za gitaa la besi, maana zilizopo zimefungwa fundo mara mbili. Mpiga besi mwenyewe, ambaye anahamia Kigoma kutafuta kazi, alikataa. Alisema akifika ugenini na kusema yeye ni mwanamuziki, anataka kuwe na mahali pa kubonyeza. Kaka alikumbusha kwamba familia moja ya Bujumbura ilitupata kwa kutumiwa kiungo na ndugu yao aliye nje, na harusi yao ndiyo iliyotulipa vizuri kuliko zote. Nami sikupiga kura, mtunza hesabu hana kura.

Watatu walitaka tulipe, wawili walikataa. Nimemwandikia mama mdogo alipe. Nyuzi za besi tumeziazima kwa kwaya ya jirani hadi mpiga besi atakapoondoka.